Ninayemnusia Babu

Shangazi yangu,

Hili sijamwambia mtu: babu hasikii tena harufu yoyote tangu augue yale mafua makali, na mimi ndiye ninayemnusia.

Unajua mwenye duka la tumbaku haagizi sigara nene za bei rahisi mpaka babu avute moja na kutoa hukumu. Jana aliiwasha chumbani, moshi ukatambaa polepole kwenye mwanga wa dirisha, nami nikafumba macho kama niliyelala.

"Haya, mke wangu, sema," akaninong'oneza.

"Mwanzo inanukia mbao mpya, babu. Kisha mkate ulioungua kidogo. Ikifika nusu, inakwaruza koo."

Mwenye duka alipoingia, babu akamwambia, "Nzuri, ila waambie wateja wasiimalize."

"Mzee, wewe unazeeka, pua haizeeki," mwenye duka alicheka.

Babu akanikonyeza. Siku nyingi sijamwona na furaha ile.

Ndiyo maana sijakujibu kuhusu mimi kuja huko kwako kusomea ushonaji. Natamani sana kuja. Lakini nani atamnusia?

Mwenye duka asijue, Shangazi. Na babu asijue kwamba nimebaki kwa ajili yake.

Akupendaye,
Binti wa kaka yako