Samaki wa Fundi Chuma

Nyumbani,
Jumatatu asubuhi.

Kwako Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyo. Natumaini zinakukuta mzima, miguu haijavimba kwa kusimama jikoni kutwa, na lile jeraha la mafuta mkononi limeshapona. Sisi hapa tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujambo kabisa. Mimi cherehani yangu ipo palepale chini ya dirisha la sebule, nashona sare za shule na kusikiliza ya watu, kama unavyonijua.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu tunazo. Dada, kwenye simu wewe hunipi nafasi. Nikimtaja Baba tu, mara mtandao unasumbua, mara kuna kitu kinaungua, unaaga. Karatasi huwezi kuikata. Na leo habari zangu zote ni za Baba, kwa hiyo vuta kiti ukae. Huu ugomvi wenu umenichosha, Mama umemzeesha, na nataka uishe sisi wote tukiwa bado tupo.

Ilianza na ile picha uliyonitumia siku ulipofanywa mpishi mkuu. Samaki kakaangwa mpaka ngozi imekauka vizuri, kalazwa juu ya chenga za mahindi zilizopikwa laini, na mchuzi mwekundu wa pilipili hoho umezungushwa pembeni. Niliiacha simu mezani nikaenda kumpima mteja. Niliporudi, Baba alikuwa ameishika kwa mikono miwili, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Akaniuliza hicho cheupe chini ya samaki ni nini. Nikamwambia. Akauliza ngozi mbona haikuchanika. Nikamjibu sijui, mimi fundi nguo. Akairudisha simu akaenda zake karakana, na jina lako hakulitaja. Sikushangaa. Tangu siku uliyovua glavu za kuchomelea ukamwambia unakwenda kusomea upishi, na yeye akakujibu kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba kinywa chake hakitaonja chakula ulichokipika kwa mshahara, jina lako humu ndani tunalitaja yeye akiwa bafuni.

Basi haukupita muda nikaanza kuona vituko. Mchana mmoja aliingia na kikaangio alichokitengeneza mwenyewe kutoka bamba la chuma, mpini kauchomelea vizuri, kizito hata Mama hawezi kukiinua. Kwa adabu zote akamwomba Mama ampishe jikoni. Mama alidhani ni utani. Alipoona mlango unafungwa, akaja kukaa karibu na cherehani yangu, akasema uzee umemwingia mzee huyu kupitia tumboni.

Sasa Dada, mimi niachie hapo? Si bure Baba aliniita Mdaku tangu sijaota meno. Nikachukua vifungo vyangu nikaenda kuvishonea uani, palepale penye dirisha la jikoni, nikachungulia. Nilimkuta Baba kavaa ile ngao ya uso ya kuchomelea, kaishusha mpaka kidevuni, mwiko mkononi, kasimama mbali na jiko kama mtu anayemchokoza nyoka. Samaki alipogusa mafuta, yakaruka, Baba naye akaruka. Niling'ata kitambaa cha watu nisije nikacheka. Kisha nikasikia anakwangua. Samaki alikuwa ameganda, mnofu umetoka huku na ngozi imebaki kule. Baba akakibeba kikaangio mpaka karakana, grenda ya kusugulia vyuma ikalia, na kikarudi kinang'aa hata unaweza kujitazama. Kesho yake yakawa yaleyale, na keshokutwa.

Nikashindwa kuvumilia, nikaenda sokoni kwa mama muuza samaki. Akaniambia siku hizi Baba ndiye mteja wake wa kwanza kila asubuhi, hataki samaki aliyechunwa, na juzi alimuuliza kwa utaratibu kabisa kama samaki wake wana gundi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Chenga nazo zilikuwa kesi nyingine. Mara ya kwanza alizimimina zote kwa pamoja kwenye maji yanayochemka, akatoka kumsikiliza mteja wa mageti, akarudi akakuta tofali. Mama alishauri litumike kuziba ufa wa barazani. Na zile hoho, uliwahi kusikia wapi? Alizipanga juu ya fuawe lake la kupondea chuma akazipiga moto kwa bomba la gesi la karakana. Nje zikawa mkaa kufumba na kufumbua, ndani mbichi, na mchuzi ukanuka gereji. Tulikula hivyohivyo. Mtu mwenyewe alikuwa anatutazama midomoni, utakataaje?

Nilijiuliza mengi, Dada. Mara nilidhani anataka kufungua mgahawa, mara nikahofia anaumwa na hataki kusema. Nilimwambia Mama huenda kuna mwanamke. Mama akasema kama yupo, amchukue na kikaangio chake. Nikamuuliza Baba mwenyewe, maana kuuliza si ujinga. Akanijibu kwamba mwanamume ana haki ya kuona njaa, akafunga mlango.

Alhamisi iliyopita ndipo mambo yalipogeuka. Nilisubiri grenda ilie, haikulia. Badala yake nikasikia Baba anacheka peke yake jikoni, kicheko kile cha zamani ambacho hata wewe umekisahau. Nikaingia bila hodi. Alikuwa kakaa kwenye kigoda, ngao kaipandisha kichwani, samaki kaganda kama kawaida, na yeye anajifuta macho. Akanieleza. Katika kazi yake, kabla ya kuunga chuma lazima ukisugue mpaka kiwe kitupu, kisiwe na kutu wala tone la mafuta, kwa sababu chuma kitupu ndicho kinachoshika. Maisha yake yote amewagombeza watu kwa hilo, na wewe alikugombeza zaidi. Sasa kila siku alikuwa anakipeleka kikaangio kwenye grenda, anakivua mafuta yote kiliyokunywa, halafu anamlaumu samaki kwa kushika. Akaniambia alikuwa anamchomelea samaki kwenye chuma, na tena kazi nzuri, haifumuki.

Tangu siku hiyo hakukigusa tena kwa grenda. Alikipaka mafuta, akakichoma, akakipaka tena, mpaka kikawa cheusi na laini. Samaki akamkausha kwa kitambaa, akamlaza upande wa ngozi, akafunga mikono nyuma asije akamgusa kabla ya wakati. Jana mchana samaki akajiachia mwenyewe. Baba akamgeuza mzima, ngozi yote juu, haijachanika hata kidogo. Akatuita. Mama akapiga vigelegele, magoti na yote. Chenga zilikuwa laini, alizikoroga muda wote bila kutoka, hata mteja wa mageti alipogonga hakumfungulia.

Baba hakushangilia. Aliitazama sahani, kisha akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe:

"Kila nilichomfundisha yule mtoto juu ya chuma, huko alikokwenda ilibidi akipindue. Na akaweza. Nani alimshika mkono?"

Mama akamjibu kwamba hakuna, ulijishika mwenyewe. Baba akaweka mwiko chini akaenda bafuni, maji yakamwagika muda mrefu. Alilia, Dada. Nakuambia wazi kwa sababu najua unaamini yule mzee hana machozi. Nami nililia, ukiniuliza kwa nini sijui, labda kwa hasira ya muda wote tuliopoteza.

Alipotoka alionja mchuzi wake, akakunja uso. Akasema bado una uchungu, hajui anakosea wapi, na hawezi kujua bila kuonja wako wewe. Hapo ndipo akatuambia alichokuwa akikipanga tangu aione ile picha. Alitaka kwanza kujua kama kazi uliyoifuata ulipomwacha ina ufundi ndani yake. Akishajua, aje huko mgahawani kwenu kama mteja yeyote, akae meza ya pembeni, ale, kisha aondoke kimya. Kujitambulisha hakuthubutu. Alisema maneno aliyokutupia hayana mlango wa kurudia.

Basi neno lenyewe ni hili, na nimeliweka mwishoni makusudi, maana ningelitanguliza usingesoma. Aliyempa mlinzi wenu bahasha hii ni Baba. Amekuja na basi la leo asubuhi, kavaa shati la kaki nililomnyoshea mwenyewe. Nimemdanganya kwamba humu kuna vipimo vya gauni lako ninavyovihitaji haraka, asirudi bila jibu, hata mkimsubirisha mpaka jioni. Gauni hakuna. Yupo kwenye mlango wa nyuma. Ukimwambia ale atasema ameshiba, usimwamini, hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri kwa woga.

Mama anakusalimu sana. Anasema umtazame mikono kabla hujamtazama uso, imejaa madoa ya kuungua kwa mafuta kama yako. Wasalimie wenzako wote wa jikoni, uwaombe radhi kwa kuwaachia kazi muda huu. Mimi nakaa hapa dirishani kwangu, na kwa mara ya kwanza sitaki kuchungulia.

Kalamu usiitafute, Dada. Jibu analolisubiri pale nje ni wewe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mdaku.