Tulipokwenda Kutafuta Okidi

Alhamisi, 3 Aprili

Nimechoka. Ningeweza kuishia hapo tu.

Mama hakulala, kwa hiyo na mimi sikulala. Kumgeuza, kumbadilisha, maji, "siyo hayo, ya vuguvugu", kumgeuza tena. Tangu kiharusi kimpooze upande wa kushoto, nguvu zote za mwili zimehamia mdomoni. Asubuhi kaniambia nimenuna kama mlango wa ofisi iliyofungwa. Nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili mpaka pumzi ikatulia.

Bosi wangu wa zamani kapiga simu. Maabara ya meno! Aliyechukua nafasi yangu ameacha, wanataka mtu wa kuchonga meno bandia. Atapiga tena Jumatatu asubuhi apate jibu. Nikasema nitafikiria. Nifikirie nini? Mama abaki na nani? Sijamwambia mtu.

Kesho anakuja mdogo wangu. Tunamwita Kibiriti, kwa kuwaka upesi.

Ijumaa, 4 Aprili

Kibiriti kafika. Begi moja, mabuti ya mvua, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Kakaa kitandani kwa Mama, wakacheka mpaka Mama akapaliwa. Mimi Mama hanichekei hivyo. Wivu? Ndiyo, wivu.

Kibiriti ana wazimu wa maua yaitwayo okidi. Si zile za dukani, za kwenye vyungu. Za porini, fupi, za kijani, ambazo ng'ombe hutafuna wala asijue. Mtu mmoja wa kundi lao la wapenda okidi kasema kaona aina fulani bondeni, nyuma ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Anataka twende kesho, sisi wawili. "Dada, siku moja tu." Nikamwambia kwangu siku moja haina "tu".

Mama kasikia. Tangu lini watu wazima wakatoka nyumbani kwenda kutafuta majani? Lakini akasema niende, niache kumchungulia kama maziwa yaliyo motoni.

Atakaa na jirani, fundi cherehani mstaafu. Nimemwonyesha dawa. Nimemwonyesha tena. Akasema amesikia mara ya kwanza.

Jumamosi, 5 Aprili

Magoti yananiuma, nina matope hadi kwenye nywele. Lazima niandike hata hivyo.

Tulikwenda na gari la kuazima, mlango wa upande wangu haufunguki kwa ndani. Tukaliacha machimboni, tukashuka bondeni kwa miguu. Majani yamelowa, udongo unavuta buti. Kibiriti akapiga magoti papo hapo akaanza kutambaa. Mimi nyuma yake — "Hii?" — "Siyo." — "Hii je?" — "Dada, hilo ni kwekwe." Kuna mahali nikapiga kelele nimeipata! Kumbe kifuniko cha chupa.

Mchunga ng'ombe mmoja akapita, akauliza tumepoteza nini. Kibiriti akasema tunatafuta maua. Yule bwana akatazama bonde zima, limejaa maua ya njano. Akatutazama sisi. Akaenda zake.

Nilimpigia jirani. Nikampigia tena. Mara ya tatu akasema Mama mzima, kala, na nikipiga tena anazima simu.

Jua lilipopanda tukakaa kwenye mteremko, chai ya chupa na mkate. Nikajiegemeza kidogo. Nikalala. Sisemi kupumzisha macho — kulala kabisa, mdomo wazi.

Nilipoamka kivuli cha kilima kilikuwa kimeshatufikia miguuni. Kibiriti amekaa karibu na kichwa changu, mtandio mkononi, ananifukuzia nzi. Hajasogea. Nikamkemea — umesafiri kote huko kwa ajili ya ua, unakaa kulinda mtu anayekoroma? Mbona hukuniamsha?

Akasema nililala kama mtu aliyepigwa.

Halafu akaukunja mtandio. "Mimi sikujua. Kila nikipiga simu unasema hatujambo."

"Ungeuliza."

"Ningeuliza, ungesema hatujambo!"

Kweli. Ningesema hivyo.

Nikamwambia basi habari za maabara. Akang'oa nyasi. Akasema atakaa yeye. Kazi yake ya kutafsiri ni kompyuta tu, anaweza kuifanyia popote. Nikacheka, na si kicheko kizuri. Nikamwambia hajawahi kumbadilisha nepi hata mwanasesere.

Akawaka. "Nifundishe basi! Au unataka uwe wewe tu unayeweza?"

Nikafunga chupa ya chai.

Tukarudi, mwanga unapungua. Karibu kabisa na gari, ukingoni mwa njia, akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni. Kijiti cha kijani, hakifiki hata shubiri. Maua yote yamekwisha kunyauka, yameacha vifuko vya mbegu. Tumechelewa, akasema. Ila nchani limebaki moja, dogo kuliko ukucha wa mtoto. Akalitazama weee. Kisha akanivua miwani, akanipa kioo.

Lina mdomo! Mdomo hasa, umebinuka, na ndani yake vijino viwili vyeupe, vimekaa sawa, kila kimoja na kivuli chake. Nikaanza kupanga ningevichonga vipi — nta ya ugumu gani, ncha gani ya kuchongea, hapa pembeni ukipitisha moto kidogo inalainika. Vidole vikaanza kuniwasha. Vidole vyangu! Nilidhani siku hizi ni vya kukamua kitambaa tu.

Hatukulichuma. Nyumbani Mama akauliza liko wapi hilo jani. Nikasema tumeliacha lilipo. Akasema basi tumepoteza siku.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemfundisha Kibiriti. Kumgeuza Mama: mkono chini ya bega, mwingine nyongani, usivute. Alivuta. Mama: "Unanikunja kama shuka!" Mara ya pili afadhali. Nepi — alikimbilia dirishani, akarudi akaimaliza. Machozi yanamtoka, sijui ya harufu au ya nini.

Halafu tukamwambia Mama kwamba Kibiriti atakaa naye, mimi nirudi maabara. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutoa hata moja. Akanitazama mimi, si Kibiriti. Akasema taratibu, "Huyu atanivunja." Akageuzia uso ukutani.

Kaka yetu wa kati kapiga simu. Anashauri tukae kama familia tujadiliane. Yeye hukaa kama familia kwa simu.

Sijala.

Jumatatu, 7 Aprili

Niko kwenye korido, nimeketi chini, naandikia gotini ili mikono iwe na kazi. Nimevaa viatu vya kutokea. Bosi hajapiga bado.

Kibiriti yuko ndani, anamwogesha peke yake. Nimeahidi sitaingia. Nasikia maji, nasikia "pole Mama, pole". Mama hasemi kitu. Afadhali angetukana.

Beseni limeanguka!

Mama ananiita. "Mkubwa! We Mkubwa!" Mimi huyo. Hakuna mwingine anayeitwa hivyo humu.

Nilisimama. Nilishashika kitasa. Kibiriti akafungua yeye, kalowa kifua kizima, povu kwenye nyusi. Akajaa mlangoni. "Hajaumia. Ni maji tu. Dada, usiingie." Nikamwambia ananiita. Akasema anasikia. Akafunga — polepole, bila hasira, na hilo ndilo limenikalisha.

Nimekaa tena.

Simu inalia. Namba ya maabara.

Mama ameita tena, sauti ya chini sasa. Safari hii amesema "mwanangu". Hasemi yupi —