Baba Anasema "Wazi", Sauti ya Mama Iko Nyuma

Mpendwa Shangazi Verna wa safu ya ushauri,

Nishike mkono mwanao maana nimechanganyikiwa hata sijui nianzie wapi, mimi ni dereva wa magari ya mbio hapa hapa kaunti yetu, jina langu naomba ulifiche, gari langu ni lile la bluu namba 38, na tangu nikiwa mtoto nazungusha kigari chenye injini ya mashine ya kukatia nyasi nyuma ya mabanda ya kuku ya mjomba, nikapanda mpaka magari madogo ya Ijumaa, nikapanda mpaka yale makubwa ya Jumamosi ambayo mwaka huu nimechukua ubingwa wake, mwangalizi wangu amekuwa baba peke yake, yeye ndiye anayesimama juu ya paa la jukwaa na redio, kwa sababu mimi nikishafungwa mikanda siwezi kugeuza shingo nikajua nani yuko ubavuni, ila namsikia baba, "Nje, bado yuko nje, bado," halafu "wazi," yaani ubavuni hakuna mtu, na akisema wazi nahama bila kufikiri, kama mtu anavyoshuka ngazi za kwao gizani.

Sasa kwenye mbio za kufunga msimu dereva mwenzangu Colby Teague alikuwa nje yangu, upande wa ukuta, tunatoka kona ya mwisho, baba akasema wazi, nikahamia upande huo, kumbe Colby yupo pale pale mlangoni mwangu, nikampeleka ukutani akavunjika mkono, na ndugu zake wakaja kwenye gari letu wamekunja mikono ya mashati, naye Colby amejishika huo mkono wake ananiuliza, "We Namba 38, hukuniona au hukutaka kuniona?" Nikajibu, "Kosa langu, Colby," kwa kuwa kwetu dereva hamtupii lawama mwangalizi wake mbele ya watu, sembuse akiwa baba yake, na baba akashuka ngazi taratibu ameshika bega la mama, akasema, "Palikuwa wazi, mwanangu, huyo kijana kajileta mwenyewe," na mama akageukia sanduku la vyakula akasema, "Kuleni kwanza, jamani, mbio zimekwisha."

Basi nikasikiliza rekodi ya redio yetu, Shangazi, nikaisikiliza tena na tena, na nyuma ya sauti ya baba kuna sauti nyingine ndogo, inasema "bado, Garland," na baba anasema "bado," inasema "wazi, Garland," na baba anasema "wazi," mbio nzima iko hivyo, ni mama, na kwenye kona ile mama alikuwa anakohoa, hakusema kitu, baba akasema wazi peke yake. Nikatafuta rekodi za mwaka jana, mama yumo pia.

Na hapo ndipo balaa, maana timu moja kubwa ya mbio za malori, yale madogo ya pikapu, zile za taifa, imenichukua kuanzia Februari, na wameniambia naweza kuja na mwangalizi wangu nikitaka, na baba ameshaambia mgahawa mzima kwamba tunakwenda wote, anavaa kofia ya timu mpaka kanisani, sasa mimi sijui kama mama ananidanganya au ananilinda, sijui kama baba anajua kwamba mimi najua, nikisema nitamuua, nisiposema sijui nitamuua nani, na yeye ndiye aliyenifikisha hapa, au ni mama, hata hilo silijui tena.

Aliyechanganyikiwa

*

Binti yangu,

Umeniomba nifiche jina, kisha ukaniandikia rangi ya gari na namba yake! Hata paka wa mchungaji ameshakujua. Nimechapa kila kitu kama ulivyoandika, na sababu utaiona.

Pole, kwa kweli. Mimi hukaa jukwaa la chini kila Jumamosi na mkate wangu wenye soseji ya bolonya ya kukaanga, nimemwona Garland akipanda ngazi zile kwa kupapasa, nikadhani ni magoti. Roho imeniuma.

Lakini sasa nikugombeze. Umeuliza habari za baba, za mama na zako mwenyewe. Colby je? Ungeweza kumvunja shingo, na huko kwa malori mwendo ni maradufu na kuta ni zile zile za zege. Neno linalopita kwa watu wawili kabla ya kukufikia huko litakukuta umeshaua. Ulipobeba lawama mbele ya ndugu zake nakusifu, ulifanya kama mtu wa kwetu. Ukiendelea kunyamaza baada ya kusikia rekodi, hiyo si heshima tena, ni woga. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Mama yako hakukudanganya kwa ubaya. Alikuwa na mume asiyetaka kusema haoni na binti aliye ndani ya gari, akasimama katikati yao, na huo ubingwa nusu ni wake. Mwambie hivyo.

Wewe chukua mwangalizi wa timu, usibishane nao. Mpeleke baba kwa daktari wa macho wiki hii. Huenda ni mtoto wa jicho tu, na huyo hutolewa. Kisha nenda kwa Colby umweleze ukweli, na baba akikubali, mwende wote.

Ila baba kwanza, na umwambie wewe, mkiwa wawili. Gazeti hili linafika dukani alfajiri, na wewe unalisoma na kahawa yako mapema kuliko wenzako. Kwa wazazi wako linaletwa na gari la posta mchana, na kwa hali uliyonieleza, Garland hasomi mwenyewe. Mama yako atavaa miwani, atakaa karibu naye mezani, na ataanza kumsomea.

Acha hiyo kahawa. Washa gari.

Shangazi Verna