Mstari Uliokunja Kona

Thembo, rafiki yangu,

Tumeshindwa. Nakwambia mwanzo kabisa, maana hata kwenye redio ulikuwa hutaki porojo, ulitaka matokeo.

Mwenyekiti wa kijiji ni yule yule. Yule uliyempandia mlima mara tatu na fimbo yako, mgonjwa, ukiomba barua yenye muhuri kwamba shamba la kahawa ni lako na mkeo Masika, akakujibu, "Pona kwanza, mzee." Hukupona. Sasa mdogo wako anasema shamba ni la ukoo, na ameleta mnunuzi kutoka Bwera kulipima kwa hatua. Bila muhuri ule, mjane wako anafukuzwa. Kwangu mimi uchaguzi huu haukuwa na jambo jingine ndani yake.

Unatujua sisi wa Mahango. Kura ya karatasi, ile ya wakubwa wa Kampala, tunashuka mpaka wagonjwa, na kisanduku chetu kinawapa upinzani kura mpaka wahesabuji wanakohoa. Karatasi haina uso. Kura ya kijiji ni kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe, jirani zako wakikusoma kisogo. Nilidhani siku hiyo wengi watashikwa na mafua.

Walikuja, Thembo. Tulimsimamisha Mama Kabugho, mkunga, aliyepokea nusu ya kijiji kwa mikono yake. Alikwisha kusema mbele ya watu kwamba barua ya kwanza kuipiga muhuri itakuwa ya Masika. Mstari wake ukajaza uwanja wa kanisa. Wa mwenyekiti ulikuwa mfupi kidogo, umenyooka njiani kama mkalitusi. Nikahesabu kwa macho, nikaanza kukutungia barua nyingine kabisa.

Kosa letu ni hili. Mama Kabugho ana mabinti saba, wote wameolewa hapa hapa, na dada zake nao wana wao, ambao kwa mila ni mabinti zake vilevile. Hilo tulilijua. Tukawatanguliza wanawake, ili sisi wakwe zake tukae mkiani, mbali, tukitazama migongo ya wenzetu. Akili nyingi sana. Lakini uwanja wetu unaujua: hatua chache, halafu mteremko. Mstari ulipofika ukingoni ukakunja kona ukarudi juu, na kila mwanamke mpya alipotangulizwa ukasogea, mpaka mkia ukafika mbele kabisa, uso kwa uso na mama mkwe.

Kwetu mwanaume hasimami akitazamana na mama mkwe. Wa kwanza akashusha kofia akaingia migombani. Wa pili akamfuata kama ng'ombe. Mwenyekiti akamwambia ofisa wa kuhesabu, "Afande, hesabu sasa, jua iko mukali." Ofisa, mtu wa Kasese mjini mwenye viatu vyeupe, akasema aliye nje ya mstari hayupo. Wake zetu wakatuita, "Nyinyi, rudini, au mumeota mizizi huko?" Mama Kabugho akajifunika uso kwa kitenge chake ili tupate njia ya kurudi. Fikiria hilo. Mgombea anajificha uso kama mwizi aliyekamatwa, ili achaguliwe.

Hatukurudi. Tulishindwa kwa watu tisa. Migombani tulikuwa kumi na wanne.

Ndiyo, tulikuwa. Mimi nimemwoa binti wa nne, wewe mwenyewe ulivuta mbuzi wa mahari. Nilisimama nyuma ya mgomba na daftari langu kwapani, mimi ninayejua sheria za uchaguzi kuliko ofisa.

Wanaume wananiambia, ni mila. Mila gani? Siku mke wangu alipovuja damu niliingia kwa huyo mama bila hodi, nikamshika mkono nikamvuta mbio, na hakuna babu aliyefufuka kulalamika. Kila mmoja wa wale kumi na wanne ana siku yake ya namna hiyo. Mila iliyotusamehe wakati wa uchungu wa wake zetu ingetusamehe dakika kumi za kuhesabiwa. Tulichoogopa ni macho ya mwenyekiti, mila tukaivaa kama koti la mvua.

Juzi Masika alikwenda kuomba barua. Mwenyekiti akamwuliza, "Mama, ulikuwa mustari gani?"

Akamjibu, "Ule murefu."

Muhuri ukarudi mfukoni.

Basi sikia. Jumatatu tunashuka Kasese kwa hakimu. Karani amesema bila muhuri watakubali mashahidi wawili waliokuona ukipanda kahawa ile. Waliobaki hai ni mimi na Mama Kabugho. Tutakaa benchi moja, bega kwa bega, nami nitamtazama akisema, na akisahau mwaka nitamkumbusha kwa mdomo wangu. Mke wangu nimekwisha kumwambia. Akaenda kunipigia pasi shati.

Lala sasa, Thembo. Samahani ya migombani siiombi kwa karatasi. Kahawa ya upande wa juu imeanza kuwa nyekundu, na atakayeichuma ni Masika.

Rafiki yako,
Bwambale