Yule Aliyesimama Nyuma

Jumatatu, 6 Machi 2006
Naisenya amefika studio yangu hapa Kitengela kutoka Mashuuru, viatu vimejaa vumbi. Ameleta kipande cha filamu kwa leso. Ni mama yake, sokoni, mwaka baada ya mafuriko ya El Niño. Mama huyo amekufa mwezi uliopita, na hakuna picha nyingine.
Filamu imekula jua sana. Nimeipitisha kwa skana na ile programu ya bure iliyokuja nayo. Nyuso zimetoka nyeupe kama sahani. Nyuma ya mama kuna mwanamume mrefu — naye hana uso.
Nimemwambia arudi Jumamosi.

Jumanne, 7 Machi
Ouma wa saiba, lile duka la intaneti hapa jirani, anasema iko programu ya kulipia. Inapitisha mwanga mara kadhaa pale filamu ni nzito, imekuwa nyeusi kwa jua, inatoa kilichofichika. Bei yake ni kama kodi ya studio ya miezi miwili. Kwani wateja wangu si wa picha za pasipoti tu, ananiuliza, hiyo pesa itarudi lini?
Ukweli. Sinunui. Nitamwambia Naisenya pole.
Lakini yule mwanamume. Bega moja limeshuka.

Jumatano, 8 Machi
Mulinge alikuwa anasimama hivyo.
Kaka yangu. Alienda Mashuuru kununua mbuzi Novemba ya '97, tukaambiwa mto umembeba. Maiti haikuonekana. Tulifanya ibada bila jeneza.
Hii picha ni ya mwaka uliofuata.

Alhamisi, 9 Machi
Ouma ameniwekea ile programu kwa majaribio. Nyuso zimekuja — halafu jina la programu limepigwa juu yake, herufi kubwa, mpaka ulipe. Nimeona sikio. Kipande cha taya.
Ouma ameniuliza mbona nimeng'ang'ania huyu wa nyuma. Nimesema ni mteja ametaka.

Ijumaa, 10 Machi
Nimekula kwa Mama yangu. Kwa maombi bado anamtaja Mulinge na marehemu wengine, sauti yake imetulia kabisa. Imemchukua miaka kufika hapo.
Kama ni yeye, basi alikuwa hai. Alituacha tukilia. Nisiponunua, atabaki kuwa amekufa tu.
Jana usiku nilimwota. Uso mweupe.

Jumamosi, 11 Machi
Naisenya amekuja mapema. Nimemwambia programu ni ghali, pengine tuache.
"Nimeanza kusahau pua yake," akasema. "Wewe ukifunga macho, mama yako unamwona?"
Nikamuuliza huyu wa nyuma ni nani.
"Huyo? Alikuwa anatuchungia mbuzi. Alikuja na ile mvua. Tulimwita Olmeek tu, mtu asiye Mmaasai. Jina lake hakusema. Wala hakupenda picha, hapo alishtukizwa."
"Akaenda wapi?"
"Rombo, nafikiri. Siku moja tu, hayuko."
Nimelipa. Ouma ametumia kadi yake ya benki, nitamrudishia polepole.
Sasa skana inatembea. Picha inashuka kwa kioo cha kompyuta mstari kwa mstari, naandika ili mikono ipate kazi. Paji la uso la mama yake limetoka, safi, na Naisenya ameweka kiganja mdomoni. Nyuma, nywele za yule mwanamume. Nyusi.
Mama yangu ameingia na thamosi ya chai. Anauliza tunaangalia nini hivyo. Anavuta stuli karibu na kioo, anatafuta miwani kwa mkoba.
Sijamwambia asikae.