Baba Anasema Ziwani Hakuna Mlima

Mpendwa Anti Hellen, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali usisome jina langu redioni, kwa sababu Baba hukusikiliza kila Alhamisi, ingawa husema anasubiri taarifa ya habari.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nakaa Masoko, na baba yangu amebeba ndizi kwa pikapu tangu sijazaliwa, lakini mwaka jana alinunua boti ya buluu yenye injini ya nguvu za farasi kumi na tano, akaiweka Matema, na sasa anavusha ndizi na viazi kwenye Ziwa Nyasa mpaka Ikombe, ambako gari halifiki, na kurudi na vyungu. Boti ilikuja na propela yenye namba nane, Baba akasema nane ni ya watoto, akatafuta yenye namba kumi na mbili akaifunga, na ile ya nane anagandamizia mlango wa banda la kuku. Boti ikiwa tupu inaruka kweli, Anti, hata mimi nilipiga makofi, ila ikipakiwa mzigo injini inanguruma kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, pua ya boti inainuka, moshi unatoka, na mwezi uliopita Baba na wenzake wakiwa na mikungu thelathini injini ilizimika karibu na miamba, wakapiga kasia kwa ubao wa kukalia mpaka viganja vikachubuka.

Wifi yangu Tupokigwe, mke wa kaka Anyitike, amezaliwa Matema na amekulia ndani ya boti za baba yake, na tatizo alilijua siku ya kwanza, lakini nyumbani kwetu Baba anaishika mila, mkwe haongei na baba mkwe wala hamtazami, Baba akipita uani wifi anaingia jikoni, kwa hiyo aliniambia mimi huku anamenya ndizi: "Wifi, mzigo mzito unataka namba ndogo. Mwambie baba yako airudishe ile ya kuku."

Hapa ndipo nilipokosea. Nilimwambia Baba maneno hayo, nikadai nimeyasoma kwenye fizikia, kwa sababu natamani kuwa mhandisi na nilitaka aone kwamba nina akili. Akaniuliza, "Haya profesa, nane itaishindaje kumi na mbili?" Nikakodolea macho kofia yake. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akasema, "Mimi nimebeba ndizi kwenye milima yote ya Rungwe, sijashindwa. Ziwa ni tambarare. Mlima uko wapi?"

Jumamosi anavusha kwaya ya akina mama kumi na mmoja kwenda harusini Ikombe, pamoja na mikungu ishirini, na Mama yumo, na hajui kuogelea. Je, niseme kwamba maneno ni ya wifi, aonekane amemfundisha baba mkwe wake, au ninyamaze nimwombee Mama? Natumaini wewe utajua.

Msichana wa Masoko

*

Binti wa Masoko, umeniomba nifiche jina lako, nami nimelificha vizuri sana. Ila wewe umeandika la kaka, la wifi, rangi ya boti na mlango wa banda la kuku. Asiyekujua Rungwe nzima sasa ni mtoto aliyezaliwa leo asubuhi pale hospitali ya Igogwe.

Miaka tisa nasoma barua za waume waliotoroka na wachumba wenye wachumba wao pembeni. Propela ni mara yangu ya kwanza. Kwa hiyo nilimpigia fundi Meshaki wa Kyela, anayetengeneza injini za boti, nikamsomea barua yako. Alicheka kabla sijafika kwenye kuku. "Anti," akasema, "huyo mzee anapandisha milima ya Tukuyu na lori limejaa, gia namba tano!"

Namba ile, binti yangu, ni inchi ambazo propela ingesonga mbele ikizunguka mara moja. Kumi na mbili ni hatua ndefu. Boti tupu inaifurahia. Ukiijaza, injini haiwezi kuvuta hatua hiyo, inazunguka polepole kuliko ilivyoundwa, inachemka, inakunywa mafuta bure, halafu inakuachia miamba na ubao wa kukalia. Nane ni hatua fupi, na injini inapumua. Wifi yako yuko sahihi tangu siku ya kwanza.

Wewe nakugombeza. Uliiba maneno ya mtu, na ulipoulizwa yanafanyaje kazi ukakodoa macho. Ungesema "wifi kasema", baba yako angebisha, lakini ungerudi jikoni kuuliza kwa nini. Mhandisi hajui kila kitu. Anamtaja aliyemfundisha. Leo hii chukua daftari, kaa karibu na zile ndizi, uliza mpaka uelewe, na jina la Tupokigwe liandike juu ya ukurasa.

Ijumaa propela ya nane ifungwe, boti ipakiwe magunia ya mchanga yenye uzito sawa na mzigo wa kesho yake, wakae karibu na ufukwe, wafungue mafuta mpaka mwisho. Injini ifikie mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Fundi Meshaki ana kifaa cha kupimia. Wakirudi tupu wasifungue mpaka mwisho, maana itazunguka kupita kiasi. Na propela haiongezi nafasi ndani ya boti: kwaya ivuke kwanza, ndizi safari ya pili, kila mama na jaketi okozi. Asiye nalo aimbie Matema.

Kuhusu mila, wifi yako asiivunje. Mila imemzuia mkwe kusema. Haikumzuia baba mkwe kuwa na masikio.

Sasa nyamaza, binti, nina mazungumzo na mtu mzima.

Mzee wa boti ya buluu, shikamoo. Acha hicho kitufe, taarifa ya habari bado dakika nne. Miaka yote hiyo ya pikapu, umewahi kupanda mlima na mikungu kwa gia kubwa? Hujawahi, wewe ni dereva. Umeuliza ziwani mlima uko wapi. Mlima ni mzigo, mzee wangu, na Jumamosi mkeo atakuwa ameukalia.

Mkweo hajakuambia neno. Nimesema mimi, na mimi si mkweo, naweza kukutazama usoni. Ila kwaya ikifika salama, "ndaga" yako ya shukrani ipeleke jikoni kupitia binti yako. Safari hii ataifikisha kwa mwenyewe.

Kesho asubuhi chukua spana. Kuku wawekee jiwe.