Yaquta Amepata Mwenzake

Kaifan, Kuwait
Jumapili, 18 Februari

Mpendwa binti yangu Dalal,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako niliipokea kabla ya baridi kuanza, na mtu aliyefundisha wenzake uandishi wa barua hadi akastaafu hana haki ya kuchelewesha jibu kiasi hiki. Sikuugua wala sikubanwa na shughuli. Ulinikabidhi samaki wako, nami sikutaka kukuandikia mpaka niweze kusema kwa hakika kwamba yu hai na ana raha. Leo naweza.

Kwanza nieleze hali zenu. Je, huko Glasgow baridi imepungua? Mumeo Bader amepona kikohozi? Falah ameanza kutambaa? Msemesheni Kiarabu kila siku, sentensi nzima, si vipande. Ujumbe wako wa simu wa wiki iliyopita ulikuwa mrefu na haukuwa na nukta hata moja; niliusoma hadi mwisho nikabaki nahema. Nakusamehe kwa kuwa una mtoto mchanga, lakini usiufanye mazoea.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha vizuri na uyoga wa jangwani umejaa sokoni. Dada yangu, mama yako, anaupika na wali karibu kila siku, hata nimeanza kuukimbia. Goti lake limepata nafuu. Ulimi wake haujawahi kuugua.

Habari kubwa ni kwamba mjomba wako Humoud amerudi barazani. Unajua kwamba tangu babu yako afariki hakuwa akija kukaa nasi jioni. Mimi nilikalia takia la Baba, pale mbele, kwa kuwa ndimi mkubwa; yeye aliona ilinipasa kumwuliza kwanza. Hatukugombana. Kila sikukuu tulibusiana mashavu, tukajuliana hali, kisha kila mtu akashika njia yake. Mwezi uliopita, baada ya sala ya magharibi, mlango ukafunguka akaingia, mkononi ameshika mfuko wa maji kama mtu aliyebeba yai.

"Humo mna nini?" nikamwuliza.

"Mwenzake Yaquta," akajibu. "Samaki wa Dalal anakaa peke yake mle ndani kama jini. Mnamwonea."

Alikuwa samaki-malaika mdogo wa aina ile ile, mwekundu kama kaa la moto, mistari myeusi ubavuni, ila kwa umbo alikuwa nusu ya Yaquta. Nilikumbuka onyo lako siku ya kuondoka: kwamba samaki hawa ni wazuri lakini ni wachoyo wa mahali, na kwamba katika tangi la nyumbani mmoja anatosha. Nilikumbuka vizuri sana. Lakini niambie, Dalal, ningemwambiaje ndugu yangu, aliyekuja kwa miguu yake baada ya muda wote huo, arudishe zawadi yake sokoni? Nilisema, "Karibu, na mgeni wako karibu." Jina likamkaa hapo hapo. Tunamwita Mgeni.

Sasa sikiliza tulivyofanya, usicheke. Unalijua lile pango la katikati, chini ya taa, ambalo Yaquta hulala ndani yake. Humoud alisema mgeni hawekwi pembeni kama mzigo. Mimi nilikubaliana naye kabisa. Basi tukamteremsha kwa wavu hadi mlangoni mwa pango hilo, mahali pazuri kuliko pote. Bu Ghannam, jirani yetu anayetumiminia kahawa, akashauri mgeni aanze kupewa chakula, na uduvi tukautia upande wake kwanza. Wazee watatu wenye akili timamu tulimkaribisha samaki kwa adabu zote za baraza, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba pango lilikuwa na mwenyewe.

Yaquta alitoka kama mshale. Alimfukuza Mgeni kuzunguka tangi zima, akamrarua pezi la mgongoni, na yule maskini akajibanza nyuma ya pampu asitoke tena. Kesho yake hakula. Keshokutwa yake hakula. Kila alipochungulia, Yaquta alimsubiri.

Baraza ikapoa. Wenzetu wengine walijifanya kutazama habari kwenye televisheni. Humoud alikaa karibu na mlango, viatu vyake vikiwa hatua moja tu kutoka mguuni, akilitazama tangi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata samaki wako, kaka, wanajua mwenye nyumba ni nani."

"Ni samaki wa Dalal," nikasema.

"Anakaa kwako." Akaweka kikombe chini. "Kesho nitakuja na mfuko nimchukue wangu. Msihangaike."

Nilielewa, na kila aliyekuwamo alielewa. Samaki yule akitoka kwa mlango ule, Humoud angetoka pamoja naye, na safari hii asingerudi. Usiku ule niliomba dua kwa ajili ya samaki. Sikupata kuomba dua ya namna hiyo maishani mwangu.

Aliyetuokoa ni mama yako. Asubuhi alikuja kuniletea mkate, akakuta nimeinama mbele ya tangi nikimbembeleza Yaquta kwa Kiarabu fasaha. Nikamsimulia yote. Akaweka mkate chini, akajishika kiuno.

"Mmemkalisha mgeni kwenye kiti cha mwenye kiti?"

"Tulimheshimu, Munira."

"Mlimheshimu! Nyinyi na heshima zenu za matakia mtaniua kabla ya siku zangu." Akaligonga tangi kwa kidole. "Toeni mawe yote. Mawe yote, umenisikia? Yapangeni upya kabisa, pasibaki pango la zamani hata moja. Aamke akute hakuna kwake wala kwa mwenzake. Hapo wataanza sawa. Na mpigie simu yule mdogo wako mkaidi aje akusaidie, kwa sababu wewe huwezi kunyanyua hata sufuria."

Humoud alikuja na mfuko wake mkononi. Nilimpa ndoo badala yake. Yaquta tukamweka kwenye ndoo moja, Mgeni kwenye nyingine, tukakunja mikono ya kanzu na kuanza kutoa mawe. Sitakuficha kwamba hatukuwa mafundi. Humoud alilitoa jiwe kubwa kwa pupa, mpira wa kunyonyea maji ukachomoka, na kabla hatujaupata, maji ya chumvi yalikuwa yamelowesha zulia kutoka ukuta hadi ukuta. Matakia yote yakalowa, na lile la Baba likiwamo. Tulitazamana. Mimi nilidhani atakasirika. Yeye alidhani mimi nitakasirika. Kisha akasema, "Baba angetuchapa sote wawili," tukacheka hadi nikalazimika kukaa juu ya ndoo nyingine tupu iliyofudikizwa.

Tulijenga mapango mapya, mengi na madogo, kila moja na mlango wake na njia ya nyuma ya kukimbilia, na hakuna lililozidi jingine kwa uzuri. Tukaongeza maji mapya. Katikati tukatia kiwambo cha plastiki chenye matundu, waonane bila kung'atana. Mazulia na matakia tukayatoa uani kukauka.

Jioni wenzetu walipofika hapakuwa na baraza ya kukaa. Tulitandika mikeka uani, karibu na moto, kila mtu akakaa alipopata. Bu Ghannam alitoka na dele la kahawa, akasimama katikati, akageuka huku, akageuka kule.

"Sasa nianzie wapi?" akauliza. "Mbele ni wapi hapa?"

"Anzia kwa yule paka aliyelala mkekani," akasema Humoud. "Yeye ndiye aliyefika wa kwanza."

Dalal, sikumbuki lini mara ya mwisho uani kwetu palikuwa na kicheko kama kile. Humoud alikuwa amekaa kando yangu, goti kwa goti, na viatu vyake vilikuwa mbali huko langoni.

Kiwambo tulikiacha hadi pezi la Mgeni lilipoanza kuota upya. Juzi tulikiondoa, sisi wawili, mama yako akisimamia. Yaquta alimkaribia mwenzake, akamzunguka mara kadhaa, akampiga kikumbo kidogo cha onyo, kisha akaenda zake kudonoa mwani kwenye jiwe. Mgeni akamfuata akadonoa jiwe hilo hilo. Jana, kabla taa haijazimwa, walipanda pamoja hadi karibu na uso wa maji, wakazungukana polepole kama watu wanaocheza harusini. Muuzaji ameniambia kwamba hao wakishapatana, mkubwa hugeuka dume. Mimi jina la Yaquta, hata kama ni la kike, nimelizoea na silibadilishi. Utaamua mwenyewe ukija.

Jambo moja bado halijaisha. Matakia yamekauka. Humoud anashikilia kwamba yarudishwe kama Baba alivyoyapanga na mimi nikalie lile la mbele. Mimi nashikilia kwamba ni zamu yake. Tumebishana siku nzima, na kwa furaha. Mama yako anasema kama hatulitaki, yeye analitaka, aliwekee goti lake, na amekwisha kulipeleka chumbani mwake ili tusije tukabadili nia. Jumamosi tutakaa sote watatu tuamue.

Nisalimie Bader, na umbusu Falah paji la uso kwa niaba yangu. Mama yako anakusalimu, mjomba wako Humoud anakusalimu, na Bu Ghannam anasema kahawa yako anakuwekea. Mwenyezi Mungu ailinde nyumba yenu, aitie joto ndani yake, na atukutanishe salama uani kwetu.

Takia likishapata mwenyewe, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mjomba wako akupendaye daima,
Duaij